Kusafisha njia ya hewa kabla ya kufunga supachaja

Watu wengi wakinunua supachaja, mashine ya kuisukumia injini hewa kwa nguvu, huwaza puli, mkanda, nozeli kubwa za petroli na programu ya kompyuta ya gari. Usafi huachwa kuwa kazi ya dakika za mwisho, kitambaa mkononi na kopo la dawa, huku kila mtu ana hamu ya kuisikia injini ikinguruma. Mashine ya gharama kubwa huharibikia hapo. Uchafu wa kuuogopa zaidi siku hiyo ni ule utakaouachilia wewe mwenyewe wakati wa kufungua na kukwangua. Utando wa oili uliokaa miaka mingi ndani ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda) umeshazoea mahali pake, lakini kipande cha gasketi ulichokikwangua leo kinaweza kudondoka kwenye silinda leo hiihii. Kwa hiyo mwongozo huu unahusu zaidi namna ya kusafisha bila kuingiza kitu.

Kwa nini supachaja haivumilii

Injini ya kawaida huvuta hewa pale pistoni inaposhuka. Supachaja huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye puli ya krankishafti (shafti kuu ya injini), nayo huisukuma hewa ndani kwa nguvu. Zile za aina ya Roots na za skrubu pacha zina rota mbili zinazopishana bila kugusana, na nafasi iliyopo kati yao, na kati yao na kuta zinazozizunguka, ni sehemu ndogo tu ya milimita. Muundo wa Roots ni wa zamani kuliko gari lenyewe: ndugu wawili wa jimbo la Indiana, Marekani, Philander na Francis Roots, waliupatia hataza mwaka 1860 kwa ajili ya mashine ya kupuliza hewa. Kuanzia hapo hadi leo, nguvu ya mashine hiyo imetegemea wembamba wa nafasi hizo. Kijiwe kikipita hapo kinachora mfereji, na kila mfereji ni njia ya presha kurudi ilikotoka.

Aina ya sentrifugo haina rota mbili. Ina gurudumu moja la mapanga linalozunguka makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika. Kwa kasi hiyo hata nati ndogo iliyosahaulika ndani ya bomba inatosha kuvunja panga, na vipande vya panga hilo vinaendelea na safari kuelekea kwenye valvu.

Kuna oili pia. Mvuke wa oili ukichanganyika na hewa inayoingia, petroli hupungukiwa na uwezo wa kustahimili presha bila injini kugonga, yaani bila petroli kulipuka kabla ya wakati wake. Injini isiyo na supachaja inaweza kuishi na hali hiyo miaka mingi. Ukishaiongezea presha ya 0.5 ba (ba ni kipimo cha presha), ambayo ni ya kawaida kwa seti za supachaja za magari ya barabarani, ule ustahimilivu uliokuwa akiba umeshatumika.

Vifaa

Tafuta dawa maalumu ya sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia), dawa ya kusafishia throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta), dawa ya kusafishia breki isiyo na klorini, alkoholi ya isopropili, sabuni ya vyombo, vikwangulio vya plastiki, brashi za nailoni, na vitambaa imara visivyoacha nyuzi. Tochi kali ni lazima. Kamera ndogo ya kuchungulia ndani ya mabomba si lazima, ila inasaidia sana. Vaa glavu za naitrili na miwani.

Kuhusu klorini sitanii: mvuke wa dawa yenye klorini ukikutana na joto kali au moto wa kuchomelea huzaa fosijeni, gesi ya sumu inayoweza kuua. Na hata dawa isiyo na klorini inashika moto haraka. Fanya kazi mahali penye upepo, mbali na cheche, na usianze kuchomelea chochote karibu mpaka kila kitu kikauke kabisa.

Anza nje, injini ikiwa imefungwa

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayookoa zaidi. Kabla ya kulegeza hata bolti moja, injini ikiwa baridi, ondoa mchanga na vumbi lote lililolala juu ya manifoldi, kuzunguka nozeli na kwenye vichwa vya bolti. Nozeli hukaa kwenye vishimo, na vishimo hivyo hukusanya mchanga miaka yote. Ukizing'oa bila kusafisha, mchanga unamwagika moja kwa moja kwenye tundu la hewa. Tumia brashi kavu kulegeza uchafu, kisha kompresa kuupuliza nje. Huu ndio wakati pekee ambapo kompresa ni rafiki yako eneo hili. Matundu yakishakuwa wazi, ukipuliza unausukuma uchafu ndani.

Kisha toa presha ya petroli: chomoa fyuzi ya pampu, washa injini iache izimike yenyewe, halafu ndipo utoe waya wa hasi wa betri. Kwa injini zenye pampu ya presha kubwa fuata utaratibu wa mtengenezaji wa gari, kwa sababu petroli huweza kubaki na presha ya hatari kwenye mabomba hata baada ya injini kuzimika.

Kufungua na kuziba

Mara manifoldi inaponyanyuka, ziba kila tundu la hedi (kichwa cha injini) papo hapo. Usiende kwanza kuweka manifoldi mezani ukarudi. Mwambie mwenzako aishike wewe uzibe. Tumia kitambaa kimoja kwa kila tundu, kikubwa kiasi kwamba hakiwezi kuzama, na mkia wake ubaki nje unaonekana. Karatasi laini za kufutia hazifai kabisa, zinachanika na kuyeyuka kwenye dawa. Hesabu vitambaa, andika idadi kwenye kipande cha karatasi, kibandike mahali utakapokiona kabla ya kufunga manifoldi mpya. Idadi iliyoingia na iliyotoka zisipolingana, kazi inasimama hapo mpaka kilichopotea kipatikane.

Bolti, klipu na oringi (pete za mpira) zote ziende kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na injini. Hakuna kitu kidogo kinachowekwa juu ya hedi hata kwa sekunde.

Uso wa gasketi

Hedi nyingi za siku hizi ni za aluminiamu, metali laini. Kisu au kikwangulio cha chuma kikiteleza kinaacha mkwaruzo, na presha ya supachaja itaupata mkwaruzo huo. Paka dawa ya kulainisha gasketi, ngoja muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha kwangua kwa plastiki ukielekea nje ya tundu, kamwe usielekee ndani. Mabaki yafute kwa kitambaa chenye alkoholi.

Usitumie diski za kusugulia zinazofungwa kwenye mashine ya hewa. Najua ni za haraka, na uso unatoka ukimetameta. Lakini zinaacha punje ngumu za oksidi ya aluminiamu ambazo huingia kwenye oili na kula beringi za krankishafti. General Motors iliwahi kutoa waraka kwa mafundi wake ikiwaonya kuhusu jambo hilihili. Injini inafungwa vizuri, inawaka vizuri, halafu beringi zinakufa na hakuna anayekumbuka ile diski.

Matundu ya hedi na valvu

Toa kitambaa kwenye tundu moja tu, ingiza tochi, tazama. Injini ambayo nozeli zake hupuliza petroli kwenye tundu la hewa mara nyingi huwa na valvu safi kiasi, kwa sababu petroli huziosha kila siku. Injini inayopuliza petroli ndani ya silinda moja kwa moja haina bahati hiyo. Hapo utaona shina la valvu limenenepa kwa tabaka jeusi lenye vinundu, gumu kama lami iliyokauka, na sehemu ya nyuma ya valvu imepoteza umbo lake. Tabaka hilo huzuia hewa, na vipande vyake vikikatika vinapita kwenye silinda.

Ukikuta utando mwembamba wa oili tu, futa unapofikia na uache. Usitafute kazi isiyokuwepo. Ukikuta masizi mazito, inabidi yatoke sasa, maana baada ya supachaja kukaa juu ya injini, kuyafikia tena ni kufungua kila kitu upya.

Sharti la kwanza: valvu za silinda unayosafisha ziwe zimefungwa kabisa. Zungusha injini kwa mkono, kwa spana kwenye bolti ya puli ya krankishafti, kwa upande injini inakozungukia kawaida, mpaka pistoni ya silinda hiyo ifike juu mwisho wa mgandamizo. Ukitoa plagi kazi ya kuzungusha inakuwa nyepesi. Kisha hakikisha: mimina dawa kidogo kwenye tundu na uitazame kwa tochi. Ikitulia palepale, valvu imekaa. Ikishuka, valvu iko wazi au haizibi, na hupaswi kuendelea mpaka ujue ni ipi kati ya hizo mbili.

Iache dawa ilainishe, sugua kwa brashi ya nailoni, nyonya kile kiowevu kichafu kwa bomba la sindano, futa, rudia. Ni kazi ya subira. Tundu moja linaweza kukula saa nzima. Njia ya haraka na bora kwa masizi magumu ni kupuliza unga wa maganda ya jozi kwa mashine yenye mfuko wa kunyonya. Maganda hayo ni magumu kuliko masizi lakini laini kuliko chuma, kwa hiyo hayaumizi valvu. Ikiwa huna mashine hiyo, kumlipa mwenye nayo ni pesa iliyotumika vizuri. Usipulize mchanga wala shanga za kioo kwenye hedi ambayo bado iko kwenye injini, hata ukiambiwa yatasafishwa baadaye. Hayasafishiki yote.

Ukishamaliza silinda moja, nyonya tundu, futa, ziba, ndipo uzungushe injini kwenda silinda inayofuata. Kifaa cha kunyonyea vumbi cha kawaida kitumie tu baada ya mvuke wa dawa na petroli kuisha, kwa kuwa mota yake hutoa cheche.

Na kama unashuku kuwa dawa ilipenya ndani ya silinda, injini isiwashwe. Kiowevu hakigandamiziki, kikiwa kingi, pistoni ikipanda inakutana na ukuta na fimbo yake inapinda. Toa plagi zote, zungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili, kisha kwa stata, petroli ikiwa imekatwa, mpaka pasitoke kitu.

Throto

Seti nyingi hutumia throto ileile ya gari, na kawaida ukingo wa bamba lake huwa na pete nyeusi ya masizi pale linapofunga. Pete hiyo hubadilisha hewa inayopita gari likiwa sailensa (injini ikizunguka polepole bila kukanyaga mafuta), na kompyuta ya gari ilishajifunza kuishi nayo.

Itoe throto kwenye gari, ichomoe waya. Nyunyizia dawa kwenye kitambaa, si kwenye throto, kisha futa ukingo wa bamba na ukuta wake, mbele na nyuma. Dawa ikipigwa moja kwa moja kwenye ncha za shafti hupenya kwenye beringi na kwenye mota ya umeme. Throto ya umeme usiisukume kwa kidole ikiwa imeunganishwa na swichi ya gari imewashwa. Gia zake za plastiki hazikuumbwa kwa nguvu hiyo, na bamba linaweza kukubana kidole. Baadhi ya throto zina rangi maalumu ya kuziba kuzunguka bamba, nayo mara nyingi ni ya kijivukijivu. Hiyo si uchafu, iache. Masizi yanatoka kwa kufuta, na kinachokataa kutoka kwa kufuta kisisuguliwe kwa brashi ya waya.

Baada ya kufunga, sailensa inaweza kuyumba mpaka kompyuta ijifunze upya. Fanya utaratibu wa kufundisha throto kwa skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari) kama gari linauhitaji.

Sensa

Sensa ya MAF hupima hewa kwa waya mwembamba sana unaopashwa moto. Utando wa vumbi juu ya waya huo unaufanya usome hewa pungufu, na kompyuta hutoa petroli pungufu. Mchanganyiko mkavu ukikutana na presha ni njia fupi ya kutoboa pistoni. Ng'oa sensa, nyunyizia dawa yake maalumu kutoka umbali mfupi mara kadhaa, usiguse waya kwa chochote, usipulize kwa kompresa, iache ikauke yenyewe. Dawa ya breki na ya kabureta zisikaribie hapa. Zinaweza kula plastiki na kuacha mabaki.

Sensa ya MAP, inayopima presha ndani ya manifoldi, ya injini isiyo na supachaja kwa kawaida hufika mwisho kwenye presha ya hewa ya kawaida, yaani ba 1, ndiyo maana seti nyingi huja na sensa ya ba 2 au zaidi. Kwa hiyo ya zamani hakuna haja ya kuhangaika kuisafisha. Safisha tundu lake, badilisha oringi, lainisha kwa tone la oili.

Filta na mabomba

Filta ya karatasi ibadilishwe, haioshwi. Ya pamba ioshwe kwa dawa yake, ikauke, ipakwe oili kidogo. Ikizidi, oili hiyo inahamia kwenye waya wa MAF. Ndani ya boksi la filta futa vumbi lote, hasa upande wa pili wa filta. Ukikuta vumbi upande huo, filta haikuwa imekaa, na inabidi ujue kwa nini.

Mabomba ya mpira na ya plastiki yaoshe kwa maji moto na sabuni, yasuuze, yakauke. Ncha zote zinazoshikwa na klipu zifute kwa alkoholi, bomba na mpira wake. Oili kidogo tu pale inatosha kufanya mpira uchomoke presha ikipanda, hata klipu ikiwa imekazwa.

Fuatilia pia njia ya mvuke wa oili. Valvu ya PCV huruhusu mvuke kutoka chini ya injini uingie kwenye manifoldi, na ukiwa na presha ndani ya manifoldi, valvu hiyo lazima izuie hewa kurudi chini. Valvu iliyojaa utope haizibi. Presha inashuka kwenye karta (sehemu ya chini ya injini) na kusukuma sili nje. Hii usiisafishe. Weka mpya, osha mabomba yake, na kama seti yako inaruhusu, ongeza chombo cha kunasa oili.

Intakula na manifoldi mpya

Kitu kipya si lazima kiwe kisafi. Manifoldi ya kusubu inaweza kuja na punje za mchanga wa kusubia kwenye kona na vipande vyembamba vya aluminiamu ndani ya matundu ya bolti, na sumaku haishiki aluminiamu. Ikiwa haina sensa wala beringi ndani, ioshe kwa maji moto na sabuni, sugua kila kona kwa brashi, suuza kwa wingi, ikaushe kwa kompresa, kisha pitisha kitambaa cheupe chenye alkoholi. Rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe.

Intakula (kipozea hewa iliyogandamizwa) inayopozwa kwa maji ijaribiwe presha kwa kiwango cha mtengenezaji kabla haijafungwa. Ikivuja, maji yanaenda kwenye silinda. Intakula ya mtumba iliyotoka kwenye gari ambalo turbo au supachaja yake ilivunjika usiichukue, hata ikioshwa mbele yako. Vipande hunasa kati ya mapezi na kuachia wakati wa joto na mtetemo.

Supachaja yenyewe

Ikiwa mpya, usisafishe chochote ndani. Vifuniko vyake viache mpaka dakika ya kuifunga. Ikiwa mtumba, futa mdomo na rota kwa kitambaa chenye dawa kidogo ukizizungusha kwa mkono, na usimiminie dawa ndani: nyingi zina beringi za nyuma zenye grisi ya kudumu, na dawa huiyeyusha grisi hiyo. Baadhi ya rota zina rangi maalumu inayopunguza nafasi kati yao, nayo isisuguliwe. Usizizungushe kwa kompresa kwa sababu tu unapenda mlio. Badilisha oili ya gia kwa aina aliyoitaja mtengenezaji. Valvu ya kupitisha hewa pembeni ifungue na kuifunga kwa mkono. Masizi yakiishika, presha haitakuja au haitaondoka.

Kufunga na kuwasha

Toa vitambaa ukivihesabu, piga tochi kila tundu mara ya mwisho, shusha manifoldi wima bila kuiburuta, kaza bolti kutoka katikati kwenda pembeni kwa spana ya kupimia. Kabla ya kuwasha, pitisha moshi wa kupimia uvujaji kwenye njia nzima ya hewa. Mahali moshi unapotokea, hewa na vumbi vitapita.

Washa, iache sailensa, tazama kwa skana marekebisho ya petroli. Usikanyage mafuta kwa nguvu mpaka programu ya injini iwe imerekebishwa kwa presha mpya. Baada ya safari chache za kwanza, injini ikiwa imepoa, kaza klipu zote upya na ufungue boksi la filta ulitazame upande wa ndani.